Msusi wa Mama

Msusi wa mama hujifunga aproni yenye mfuko mkubwa mbele, na husuka huku anaongea kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Mwenzangu, kichwa chako kigumu kama cha baba watoto." Mama hucheka kidogo, amefumba macho. Tangu aanze zile dawa za hospitali, chanuo likipita linaondoka na nywele. Msusi huzidaka kabla hazijaanguka, akazitia mfukoni bila kuzitazama, na maneno hayamkatiki. Mdogo wangu akichungulia mlangoni, msusi humkinga mama kwa mgongo wake mpana na kumtania mtoto. "We mke mwenzangu, wivu tu huo. Nenda kacheze, zamu yako kesho." Mdogo wangu anajua mama ana uchovu tu. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikakubali, maana kuuliza kulinitisha kuliko kutojua.

Jumamosi hii chanuo lilishuka na shungi zima, msusi akanyamaza. Nikasikia jinsi mama anavyohema. Haraka msusi akamfunika kichwa kwa kitambaa, kisha akanishika mkono, akaniwekea lile shungi kiganjani na kunikunja vidole kimoja kimoja. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Shika, mwanangu," akanong'ona. "Usilie hapa."

Mdogo wangu alikuwa ameshaingia. "Dada, umepewa nini?"

Nikaficha ngumi nyuma. "Peremende. Nimeshaimeza."

Akamgeukia mama kunishtaki. "Mama, dada mchoyo sana."

"Msamehe," mama akasema, na hakunitazama.