Kitenge cha Mama Mkwe

Asubuhi ile nilimwachia mama mkwe mtoto wangu Riziki, kama kawaida. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa navuka mpaka kutoka Uvira kwenda kuuza mawese Bujumbura, na Riziki, mgongoni kwa bibi yake, hakugeuka hata kunitazama. Niliona wivu, sikatai.

Mchana, mawese yamekwisha, tukasikia kwamba kwetu wanapigana. Nilikimbia hadi mpakani.

"Mama, rudi," askari akaniambia. "Njia imefungwa."

Ng'ambo, moshi ulikuwa unapanda.

Nilikaa Kinama, mtaa wa Bujumbura, miezi minne bila habari. Kisha akafika jirani yetu wa Uvira, Mama Furaha, na Riziki mgongoni, amefungwa kwa kitenge cha mama mkwe. Bomu liliwakuta wakikimbia. Mama mkwe aliumia, hakuweza tena kutembea. Alimfungua mtoto, akamfunga mgongoni kwa Mama Furaha kwa mikono yake mwenyewe.

Walimwacha pale.

Riziki hakulia. Alimpa mkono kila aliyepita, tayari kwenda naye. Majirani wakamsifu kwa upole wake. Mimi niliogopa, maana kwake nilikuwa mpita njia kama wengine. Alichong'ang'ania ni kitenge tu, kilichonuka jasho, moshi na ugoro. Nami, na usafi wangu wa kujitia, nikakifua kwa sabuni. Kilipokauka alikinusa, akakitupa. Akagoma kula.

Nilimpeleka zahanati, nikamweleza muuguzi yote.

"Huyu mutoto alikuwa na mutu wake," akasema. "We ukafua harufu yake. Sasa umubebe."

"Nabeba na ndagala za kuuza?"

"Umubebe tu, mama."

Wiki nyingi niliuza samaki hao wadogo naye mgongoni katika kitenge kile kile, amejikaza kama ubao, wateja wakinitania kwamba nabeba mkwe anayeniona haya. Kitenge kikaanza kunuka tena, safari hii ndagala na jasho langu. Siku moja nilimshusha niende chooni. Akalia mpaka ua mzima ukatoka.

"Anaumwa?" Mama Furaha akauliza.

"Apana," nikasema, nami nalia. "Ananililia mi."

Leo yuko shule, ananisahihisha Kifaransa changu. Ngurumo zikipiga, bado hujibana mgongoni kwangu. Mama mkwe hana kaburi tunalolijua. Angerudi hata asubuhi moja, ningemfunga Riziki mgongoni kwake, nichukue mawese yangu niende, na mtoto asigeuke kunitazama.