Nilimgawa paka wa baba mkwe kwa kosa ambalo halikuwa lake

Admin, naomba ufiche jina langu na mtaa wangu, maana wifi zangu wote wanaifuata page hii. Nina miaka 36, nimesoma hadi kidato cha nne, ni fundi cherehani hapa Tukuyu na nimeolewa miaka kumi na tatu. Tangu nikiwa shule huwa naandika shajara kila jioni, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nayajua yalivyofuatana.

Mwaka jana mama mkwe alifariki, tukamchukua baba mkwe kutoka Ikuti aje kuishi nasi. Alikuja na begi moja na paka wake anayeitwa Katibu. Mzee alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa chai miaka mingi, na alipoachia ngazi akasema cheo amemrithisha paka. Kwa msiotujua, kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wengi siku hizi wameacha, ila mzee hajaacha, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Chakula chake nakiweka kwenye stuli nje ya mlango, nagonga, naondoka. Tukiwa na la kusemezana, tunasemezana mlango ukiwa umefungwa.

Katibu alikuwa na karai lake la majivu la kujisaidia pembeni ya kitanda cha mzee. Mzee alilisafisha mwenyewe kila asubuhi, na kwa miezi sita sikuona uchafu wowote. Mume wangu alipopata kazi ya ujenzi Mbeya akawa anarudi Jumamosi tu. Muda si mrefu paka akabadilika. Alianza na kapeti la sebuleni, kisha kikapu cha nguo, kisha akakojolea vitambaa vya sare za kwaya nilivyopewa nishone. Nilivifua mara tatu, na kwa mvua za huku vilikaa siku nne bila kukauka, harufu ikiwa palepale. Niliandika kila tukio, siku na mahali. Niliona kwamba Jumapili hadi Jumanne kunakuwa shwari, kuanzia Jumatano anaharibu. Nikajiambia huyu paka ana jeuri, anajua mwenye nyumba yupo lini.

Jirani yangu muuza duka, Mama Zulfa, nilipomlalamikia alicheka.

"Paka ni msafi kukushinda wewe, shoga. Akikataa choo, ujue choo ndicho kibovu. Kaangalie hilo karai."

"Chumbani kwa baba siingii, unajua."

"Basi nyie mnaishi nyumba moja kama mahabusu wa kesi mbili. Muulize mlangoni."

Nilimuuliza. Nilisema, "Baba, shikamoo. Karai la Katibu lina majivu?" Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Lipo sawa." Nikaishia hapo.

Wiki iliyofuata, siku ya gulio, nilimtia Katibu kwenye kiroba nikampa mama mmoja wa Kinyala anayetuletea ndizi, aliyekuwa anasumbuliwa na panya. Jioni nikamwambia mzee mlangoni kwamba paka ametoka na hajarudi. Akasema, "Atakuwa ameenda kikao. Vikao vya siku hizi ni virefu." Nilicheka kimoyomoyo, nikaenda kupika.

Harufu haikuondoka. Niliosha sebule yote, na bado ilikuwapo, ikitokea chini ya mlango wa mzee. Sahani zikaanza kurudi na chakula chake. Nilimpigia mume wangu, akaja siku hiyo hiyo katikati ya wiki. Alipoingia kwa baba yake alikaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mzee alikuwa amelala kwenye godoro lililolowa, karai la Katibu, ambalo sasa alilitumia yeye, limejaa hadi ukingoni. Hospitali walituambia nyonga ina ufa wa muda mrefu, siyo wa jana. Kila Jumamosi alikuwa akimwambia mwanawe kwamba ni mgongo tu, na mwanawe ndiye aliyebadilisha majivu. Alificha ili mtoto asiache kazi.

Mume wangu aliniuliza, "Wewe unashinda hapa. Hukusikia chochote?"

Nilileta shajara nijitetee. Nikakuta humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Jumanne. Kishindo chumbani kwa baba. Nimeuliza, kasema ameangusha kiti." Na mstari unaofuata: "Jumatano. Paka kakojoa kwenye kapeti." Niliifunga, nikasema sikusikia.

Nilikwenda Kinyala kumfuata Katibu. Yule mama alisema aliondoka siku ya pili na hawajamwona tena. Nilizunguka migombani naita hadi mvua ikanirudisha.

Sasa mzee yupo nyumbani, anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache. Wifi yangu amemhudumia wiki mbili, Jumapili anarudi kwake Kyimo. Amenionya, "Ukiingia chumbani kwa baba utamuua kwa aibu kabla nyonga haijamuua." Mume wangu anasema hanilazimishi, ila hakuna mwingine. Nimeshaamua kuingia. Sitamwacha alowe tena kwa ajili ya heshima.

Lakini kila siku anamuuliza wifi kama Katibu amerudi. Juzi nilimsikia akimwambia, "Hata yeye amenichoka. Harufu yangu imemkimbiza." Anaamini hivyo, na nguvu zinazidi kumwishia.

Jumatatu asubuhi nitauona uso wake kwa mara ya kwanza. Nikimwambia ukweli, ataletewa maji, uji na dawa na mtu aliyemgawa paka wake, na hana namna ya kunikataa wala ya kuondoka. Nikinyamaza, atakufa akidhani paka wake alimkinai. Ndugu zangu mnaosoma, ingekuwa ni baba yenu amelala pale, mngetaka niseme au ninyamaze?