Watu Ishirini Waliomwandika Syntiche

Syntiche alipomaliza chuo kikuu na lisansi yake ya asiransi, yaani bima, na fedha, baba yake, Papa Ghislain, alimtangaza mtaani kuwa muntu wa benki. Mama yake alisema ni mhasibu. Shangazi Yvette, mwenye kibanda cha kuuza uniti za simu, aliwaambia wateja kwamba msichana anauza zile karatasi za kubandika kwenye kioo cha gari. Minerval, karo ya chuo, ya miaka mitano ilikuwa imelipwa na watu hao watatu, na kila mmoja alikuwa amelipia kazi tofauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kampuni moja ya Lubumbashi ilimpa rundo la fomu, skafu ya buluu na staji, yaani majaribio ya kazi, ya miezi mitatu. Akiingiza watu ishirini katika bima ya maisha kabla ya mwisho wa Juni, atapewa kontra ya kazi. Asipofikisha, atarudi kwenye kibanda cha Shangazi Yvette, ambako alikuwa amekwisha kukaa miaka miwili huku diploma yake ikining'inia juu ya chaja za simu.

Mwezi wa kwanza hakupata hata mmoja. Wa pili pia. Na wala watu hawakumkataa. Katika soko la mji wao wa kando ya ziwa, wauza ndagala, yaani dagaa, walimsikiliza vizuri kuliko yeye alivyowahi kumsikiliza profesa yeyote. Wao njo watu wanaopanda boti kwenda Moba na Zongwe kufuata samaki, na hakuna haja ya kumweleza muntu kama huyo kwamba maisha yanaweza kwisha saa nne asubuhi. Walikubali bei, wakakubali masharti, wakatoa kadi zao za uchaguzi. Halafu walifika kwenye mstari wa kumi na moja, na kalamu ikasimama. Mstari wa kumi na moja uliuliza: ukifa, alipwe nani?

Syntiche alidhani hawajaelewa. Akaeleza tena, polepole, kwa mikono. Kumbe walikuwa wameelewa mno. Aliyemfumbua macho ni Mama Marthe, mkubwa wa wauza ndagala, mwanamke anayeogopwa hata na mizani yake mwenyewe.

«Mutoto yangu,» alisema, «nikiandika jina la mwana yangu Prospère, siku nikifa watu watasema nini kwenye matanga? Watasema mwana amenila kwa uchawi apate pesa. Watamtoa kwenye nyumba kabla mimi sijafika makaburini. Nikiandika bwana yangu, ndugu zangu watamvunjia mlango.»

Katika somo la hatari Syntiche alikuwa amepata kumi na saba juu ya ishirini. Hakukumbuka ukurasa wowote uliozungumzia kuliwa.

«Basi tuandike nani, Mama?»

Mama Marthe alimpima kwa macho kuanzia skafu hadi viatu.

«Andika jina yako. Wewe si wa damu yangu. Muntu wa nje hawezi kunila, hajui hata pa kuanzia. Nikifa utaleta pesa kwa watoto kimya kimya, na hakuna atakayesemwa.»

Habari ikatembea kutoka meza hadi meza. Kwa siku nane Syntiche alipata watu ishirini, na kwenye mstari wa kumi na moja wote ishirini walikuwa wamemwandika yeye. Alihisi kuna kitu hakikai sawa, lakini hakujua ni wapi. Kanuni, kama alivyozikumbuka, zilisema mteja aandike anayemtaka, na hawa walikuwa wamemtaka. Akatuma fomu Lubumbashi kwa ndege, akaenda kanisani kushukuru, na kuanzia hapo raha ikamwisha: akizama mmoja, jina litakaloonekana ni lake. Kila upepo ulipovuma alikimbilia bandarini kuangalia akina mama wanavyoshuka. Alibishana na wale waliotaka kupanda boti zilizojaa. Aliwabembeleza wavae jaketi za kuokoa. Mabaharia wakaambiana kwamba binti wa Papa Ghislain amepata cheo serikalini, na Papa Ghislain, kwa kuwa hakuwa na hakika, hakuwakanusha.

Kisha akaja Papa Bonaventure, inspekta wa kampuni, na suti nzito na faili jembamba. Alitaka kuelezwa ilikuwaje wanawake ishirini wazima wakifa, alipwe msichana mmoja wa miaka ishirini na sita. Syntiche akamweleza kwamba muntu wa nje hawezi kula. Inspekta aliandika hilo kwenye faili, akalisoma, akalifuta. Akampa hadi ndege ya Alhamisi: majina yabadilishwe yote, ama hakuna kontra, na faili linakwenda kwa mwanasheria.

Jumatano inspekta mwenyewe alikwenda sokoni kufundisha. Aliwaambia akina mama kwamba kumwandika muntu kwenye mstari ule ni tendo la upendo. Wakamwachia amalize.

«Papa Inspekta,» Mama Marthe akauliza, «wewe pia uko na hii asiransi?»

«Ndiyo, Mama. Wafanyakazi wote.»

«Uliandika nani?»

«Mke wangu.»

«Na yeye anajua?»

Papa Bonaventure alivua miwani, akaisafisha, akasema hilo ni jambo la biro, la ofisini kwake. Hakuna aliyecheka. Walimtikisia vichwa kwa huruma, na hiyo ilimuumiza zaidi.

Hapo Mado, mwenye meza inayofuata ya Mama Marthe, akatoa shauri. Wao kila juma wanacheza likelemba: wote wanachanga, mmoja anabeba, na juma lijalo anabeba anayemfuata kwenye orodha. Basi na kifo kifuate orodha hiyo hiyo. Mama Marthe amwandike Mado, Mado amwandike Tina, Tina amwandike anayemfuata, mpaka wa ishirini amwandike Mama Marthe. Hakuna wa damu moja hapo. Na atakayebeba atazifikisha kwa watoto wa marehemu, kwa sababu na yeye ana watoto.

Inspekta aliuliza itakuwaje mmoja akitamani mwenzake afe.

«Nitatamani vipi,» Mado akamjibu, «na mimi niko mkononi mwa Tina?»

Papa Bonaventure alitafuta kosa katika jibu hilo mpaka jioni, wakati Syntiche anajaza fomu mpya.

Alhamisi ndege haikuja. Ijumaa haikuja. Inspekta, kwa kukosa pa kwenda, alikaa sokoni akaangalia. Ijumaa hiyo Mado alikohoa mara mbili, na kabla ya mara ya tatu Tina alikuwa amefika na chai ya tangawizi, akainywa kwanza yeye mwenyewe, mbele ya meza zote. Jumamosi Mama Marthe alipokwenda kupanda boti ya Moba, Mado alimsindikiza hadi majini, akamfunga jaketi kwa mikono yake, kisha akamgombeza nahodha kwa ajili ya mizigo mpaka magunia sita yakashushwa. Inspekta alipiga simu Lubumbashi. Mkurugenzi alisoma kanuni mara mbili, akakuta zinamkataza ajenti tu kuandikwa, si wateja kuandikana.

Jumatatu, kwenye uwanja wa ndege, Papa Bonaventure aliweka kontra juu ya sanduku lake, akashika kalamu, hakuandika.

«Binti, wewe njo mwenye lisansi. Kwenye ripoti niseme nini? Hii ni bima, ama ni likelemba?»

Syntiche aliitazama ile kontra. Kichwani yalimpitia maneno mengi mazuri ya Kifaransa, aliyoyakariri kwa mitihani.

«Sijui, Papa.»

«Afadhali,» inspekta akasema. «Ungejua, ningekuogopa.»

Akatia sahihi. Abiria walikuwa wakiitwa. Alichukua sanduku, akapiga hatua mbili, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini kama kwenye ile orodha kuna nafasi ya muntu wa ishirini na moja.