Habari ya Mama Esta Niliyoipeleka Shuleni

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya ubatizo wangu, ingawa ningependa iwe kinyume. Nakuambia kwa sababu umenijia na kaye yako mpya ya kuandikia mkononi, ukasema umechagua historia na jiografia, na kwamba mwalimu wenu amewatuma mzunguke humu kambini mkiwauliza watu walifikaje. Nimefurahi. Mimi mwenyewe nimeyafundisha masomo hayo miaka mingi. Lakini kaa kwanza. Kabla hujaenda kubisha hodi kwa mtu, nisikilize.

Tulifika hapa kambini Nakivale kutoka milima ya Fizi, kule Kongo, wakati wa vita ya kwanza ya huko. Nilipopata nafasi ya kusoma sekondari ya bweni, nje ya kambi, upande wa Biharwe, nilikuwa na miaka ishirini na moja, na wenzangu darasani walikuwa watoto wa miaka kumi na tano. Kwetu nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa. Huku kila kitu kilikuwa Kiingereza. Hesabu nilijikaza nikaziweza. Historia, jiografia na uraia vilinishinda kabisa, maana hayo ni masomo ya maneno mengi, na maneno ndiyo sikuwa nayo. Kila matokeo yalipotoka, jina langu lilikuwa la mwisho. Watoto waliniita "Mama Kongo" na kucheka. Aibu ya mtu mzima katikati ya watoto inauma vibaya, mwanangu. Inakufanya utake kushinda hata mara moja tu, kwa njia yoyote ile.

Ndipo mwalimu wetu wa historia, Mnyankole mmoja mpole, mwenyeji wa huku, akatupa kazi ya likizo. Kila mmoja amtafute mtu, amuulize habari za maisha yake, aandike kurasa nne.

Nyumbani Misiera, mtaa wetu humu kambini, tulipakana na Mama Esta, aliyekuwa akiuza maharage na chumvi mbele ya nyumba yake. Mume wake, Baba Esta, alikuwa fundi cherehani. Vita ilipoingia kijijini kwao yeye alikuwa mjini Kalemie kwa biashara, kwa hiyo Mama Esta alikimbia bila mume, na watoto wanne. Baba Esta aliwakuta huku baada ya mwaka mzima. Sote tulijua kwamba mama mzazi wa Baba Esta, tuliyezoea kumsikia akiitwa Koko, yaani bibi, alikufa njiani kwa homa, akazikwa kwa maombi. Mara nyingi kanisani Baba Esta alisimama kumshukuru Mungu kwamba mama yake alizikwa na watu wake.

Nilimfuata Mama Esta shambani asubuhi moja, nikamsaidia kung'oa maharage, huku nikimweleza ile kazi ya shule. Akaanza kunisimulia. Alisimulia milio ya bunduki, mvua, watu walivyopotezana. Halafu akaendelea kung'oa, na aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika. Koko hakufa njiani. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi hata kusimama. Mama Esta alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alimwekea mama mkwe ndoo ya maji na mihogo iliyopikwa, akamwambia, "Tutarudi kukuchukua," akaufunga ule mlango wao wa buluu. Koko alimjibu aende haraka kabla watoto hawajaanza kulia.

"Hii maneno isitoke hapa," Mama Esta akaniambia. "Sijaambia mutu hata mumoja."

"Haitatoka, Mama," nikajibu. Na nilipokuwa nasema hivyo, nilikuwa nasema kweli.

Lakini nilipokaa kuandika, ile habari ya mvua na bunduki ilikuwa kama ya kila mtu. Iliyokuwa na uzito ni ile nyingine. Nikajiambia nitabadilisha jina. Nikamwita Mama Sara. Watoto wanne nikawaacha wanne, Kalemie nikaiacha Kalemie, na mlango nikauacha buluu.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Hakuna aliyecheka. Nikapata alama za juu kuliko wote, na kurasa zangu zikabandikwa ukutani. Kwa wiki tatu nilitembea kama mtu aliyeponywa.

Katika darasa lililokuwa chini yetu alikuwepo Ruti, mtoto wa dada yake Baba Esta. Akiwa mdogo alilelewa na Koko, ndani ya nyumba ile ile ya mlango wa buluu. Siku moja alipita darasani kwetu, akasoma. Mimi hakuniuliza kitu. Alimuuliza mjomba wake.

Siku ya wazazi kututembelea, Baba Esta alikuja mwenyewe. Alikuwa amepanda teksi Rwekubo, sokoni karibu na kambi, tangu alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Ruti alimleta mpaka darasani, tukabaki watu watatu. Akaziangalia zile kurasa ukutani, kisha akaniangalia.

"Binti, miye Kiingereza sikijui," akasema. "Nisomee. Yote."

Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili. Nilisoma bunduki, nikasoma mvua. Nilipofika penye ndoo ya maji, niliruka, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mto walikovukia.

"Umeruka," Ruti akasema polepole.

Basi nikarudi, nikasoma. Baba Esta alikuwa amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamepanda juu. Hakulia.

"Mulango aliufunga?"

"Aliufunga, Baba."

"Na Koko alisema kitu?"

"Alisema waende haraka, watoto wasilie."

Akatikisa kichwa. "Ndiye yeye," akasema. "Ndiye mama yangu kabisa." Akanishukuru, mwanangu. Alinishukuru kwa kumsomea, akafunga vifungo vya koti, akaondoka.

Baada ya siku chache alirudi Kongo kutafuta mifupa ya mama yake. Ilikuja salamu moja kutoka Uvira. Baada ya hapo, hakuna kitu. Kama aliuawa, kama aliugua, kama aliamua tu kutorudi, mpaka leo hakuna ajuaye.

Likizo ilipofika nilikwenda kumpigia Mama Esta magoti. Nilitarajia matusi. Angenitukana, ningepumua.

"Nilikuwa natafuta siku ya kumwambia," akasema. "Mara mingi nimeitafuta. Weye ulininyang'anya ile siku." Akaendelea kupima chumvi. Tuliishi jirani miaka mingine kumi na tatu, na hakuniambia tena neno zaidi ya salamu. Watoto wake wakinikuta njiani waliinamisha macho.

Wapo walionifariji kwamba ukweli lazima ujulikane. Labda. Nimewaza hilo mara nyingi nikiwa nimeshika chaki, na bado sina jibu. Ninachojua ni kwamba ukweli ule haukuwa wangu, na sikuutoa kwa ajili ya Koko wala kwa ajili ya Baba Esta. Niliutoa ili watoto waache kunicheka.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda ukaulize, maana masomo haya ni mazuri na watu wetu wanahitaji wa kuwaandika. Lakini ukimaliza kuandika, mrudie mwenyewe. Msomee kwa lugha anayoisikia, neno kwa neno, kabla mwalimu hajaona. Akisema hili futa, futa mbele yake, hata kama ndilo zuri kuliko yote. Usidhani kubadilisha jina kunatosha. Watu wanajulikana kwa vitu vidogo. Na mtu akikuambia neno lisitoke, liache lisitoke, hata ukipata sifuri. Sifuri utaifuta muhula ujao.

Nenda sasa. Mungu akupe masikio ya kusikia na mkono unaojua mahali pa kusimama. Wale utakaowauliza wakufungulie kwa moyo mweupe, na ukirudi kwao tena, wakiwa wazee na wewe ukiwa mtu mzima, wafurahi kukuona.