Kompresa Iliyochaguliwa na Wasioshika Nyundo

Fundi makochi alikuwa na misumari kumi na miwili mdomoni wakati wanaume wawili walipomsimamia kumfundisha habari za upepo.

Mafundi wa aina yake ndivyo wafanyavyo kazi. Misumari midogo myeusi huitupia mdomoni kama mtu alaye karanga, kisha ulimi huisukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, kichwa kikitangulia. Nyundo yenye sumaku inaudokoa msumari, inagonga mara mbili, inarudi kuchukua mwingine. Kwa miaka ishirini na sita alifanya hivyo katika gereji ya nyumba yao, gereji ambayo haikuwahi kulaza gari. Faida ya misumari mdomoni ni kwamba mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine unagonga. Hasara yake ni kwamba huwezi kumwambia mjinga kuwa ni mjinga.

Sasa mkono wa kulia ulikuwa umemgomea. Kifundo kilivimba, na asubuhi kikombe cha chai alikinyanyua kwa kushoto. Daktari alimwambia apunguze kugonga, la sivyo ataacha kabisa. Na kwenye kona ya gereji kulikuwa na viti sitini vya ukumbi wa mikutano, vimevuliwa nguo, vinatakiwa baada ya siku kumi na nne. Akishindwa, ukumbi utavichukua na kuvipeleka kwingine, na fundi anayenyang'anywa kazi nzima habishiwi hodi tena.

Dawa ilikuwa ukutani, imetundikwa. Ni bunduki ya pini aliyoachiwa na fundi mzee alipostaafu: unabonyeza kwa kidole kimoja, pini inazama. Ilikosa upepo tu. Ilihitaji kompresa, na hapo ndipo wanaume walipoingia.

Mumewe alikuwa mtunza bohari. Miaka thelathini aliandika kilichoingia na kilichotoka, bila kujua hata kimoja kinafanya nini. Alipostaafu, ujuzi wa kila kitu ulimshukia kwa mkupuo mmoja. Rafiki yake aliitwa Injinia kwa sababu siku moja, akiwa amekwama ndani ya lifti, alipiga teke mlango na lifti ikaondoka. Kila mji unao watu kama hawa, na kila mji huwapa viti vya mbele.

"Shemeji," Injinia alisema, ameegemea mlango, "kwanza tangi. Chini ya lita mia mbili hiyo siyo kompresa, ni pampu ya baiskeli."

"Unasikia, mama watoto?" mume akadakia.

"Pili, nguvu za farasi."

"Farasi!" alisema mume, kama vile amewahi kumpanda.

"Leo unapiga pini. Je, kesho ukitaka kupaka gari rangi?"

Gari la nani, alijiuliza fundi, akagonga msumari wa tano.

Yeye alikuwa ameshajua anachotaka. Bunduki ya pini hainywi upepo, inaonja tu. Tangi dogo linaitosha. Lililobaki ni kelele, maana mashine itakaa hatua mbili kutoka sikio lake tangu asubuhi hadi jioni, na mtu hawezi kufanya kazi pembeni ya kinu cha kusaga.

"Basi tunaichukua ile nyekundu kubwa," mume alisema. "Sawa?"

Fundi aliinua nyundo kuwaashiria wangoje.

"Anyamazaye amekubali," alisema Injinia.

Fundi akaitema misumari kiganjani, akainuka. Walikwisha kufika barabarani, wanazungumza kwa mikono.

Kesho yake vibarua wanne waliisukuma mashine hadi ndani. Ilikuwa ndefu kama jeneza, nyekundu, yenye magurudumu, na ili iingie ilibidi meza ya kukatia vitambaa itolewe uani. Injinia alilipiga tangi makofi kama anamsifu ng'ombe. Kisha akaushika waya wake, akaufuata hadi mwisho. Plagi ilikuwa na meno matano, kila jino nene kama kidole.

"Hiyo ni ya umeme wa njia tatu," alisema fundi. "Nyumba hii ina njia moja."

"Tutaomba watuvutie," alisema mume.

"Lini?"

"Ni barua tu, mke wangu. Mambo makubwa yana taratibu zake."

Debe tupu lilikuwa limepata debe tupu la kuongea nalo. Kwa siku nne wageni waliletwa kuitazama mashine isiyowaka. Fundi alirudi kwenye nyundo, akavisha viti vitano, mkono umefungwa kwa kitambaa kilichobaki. Siku ya nne nyundo ilimponyoka, ikaangukia kidole cha mguu, na vidole vya mkono vikabaki wazi, havitaki kukunjika.

Usiku wa siku hiyo aliisoma risiti. Duka linabadilisha mashine ndani ya wiki moja, ikiwa haijatumika na mnunuzi ameandika sababu.

"Tuirudishe?" mume aliruka. "Watu watasemaje?"

"Watu gani? Injinia?"

"Mtu hanunui kitu mbele za watu halafu akakirudisha kama chupi isiyomtosha."

"Baba watoto, kesho nakwenda dukani. Njoo na mashine yako. Usipokuja, naenda ukumbini kuwaambia waje kuchukua viti vyao, na wakiniuliza sababu nitawatajia."

Akaja.

Muuzaji alimpita fundi kama mtu apitaye nguzo, akamshika mume mkono. "Mzee! Mnyama wetu anafanyaje kazi?"

Fundi aliweka bunduki ya pini juu ya kaunta. "Ile ndogo ya chini pale. Iwashe."

"Mama, hiyo ni ya kujazia mipira ya magari."

"Nimekuuliza ni ya nini?"

Ikawashwa, ikajaa, ikanyamaza. Aliunganisha mpira wa upepo, akachukua kipande cha mbao, akapiga pini kumi, ishirini, thelathini. Kwenye ya thelathini na tatu mota iliamka, ikanguruma kidogo, ikalala. Pini ya mwisho ilikuwa imezama sawasawa na ya kwanza. Akapiga nyingine hadi mota iwake, na ikingali inanguruma akamuuliza muuzaji bila kupaza sauti.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Basi ni hii."

Ikabaki fomu. Mume alishika kalamu kama aliyeitwa kutia saini hukumu yake. Akaandika: *Mashine mbovu.*

"Mzee, mashine ni nzima," alisema muuzaji. "Ukiandika hivyo tajiri atanila mimi."

Mume aliyakata maneno kwa mstari. Alitazama dari, akatazama mlango, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri wa bohari: *Mke ameshindwa kuitumia.*

Fundi aliyasoma maneno yale. Angeweza kumnyang'anya kalamu. Lakini alihesabu viti vilivyobaki, akahesabu siku, akaona kuwa hata ugomvi una gharama ya muda, na huyu bwana hakustahili hata dakika kumi.

"Weka sahihi," alisema. Akaibeba kompresa kwa mkono wa kushoto, akatoka, akamwachia mumewe lile jeneza lake alishushe na vibarua.

Siku sita baadaye viti arobaini na vinne vilikuwa vimevaa. Uvimbe wa kifundo ulikuwa umepungua, na pini zilizama kwa mlio mfupi mkavu. Mume aliingia akiongoza wageni wawili, na Injinia nyuma yao.

"Wengi hudanganywa na tangi," mume alikuwa akieleza. "Siri ya kompresa siyo ukubwa. Unatazama kazi kwanza."

"Si nilikuambia?" alisema Injinia. Alijipweteka kwenye kiti, akanyoosha miguu. "Shemeji, umeona tulivyokuchagulia?"

Fundi hakumtazama usoni. Alitazama kiti.

"Simama, shemeji," alisema. "Umekalia kazi yangu."