Siku Niliyomkagulia Msimamizi Wangu Gari

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika kwenye karakana ya serikali pale Kajiado nikiwa nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Msimamizi wa karakana, Mzee Mutiso, alinitazama kutoka juu hadi chini. "Kyalo, hiyo pasi ni ya nini?" akauliza. "Ingia chini ya hiyo lori." Nikaingia. Mgongo wangu unaikumbuka sakafu ile hadi leo.

Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Alikuwa mkali, lakini hakuwa na kinyongo. Yeyote aliyetaka kununua gari kuukuu, awe afisa wa mifugo au karani, alimwomba alikague kwanza, nami nilifuata nyuma na jeki. Kabla hata ya kumsalimia muuzaji, Mzee aliweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto aligeuka na kwenda zake. "Hii imeamshwa mapema, tutarudi ikipoa," alisema, maana injini mbovu ikishapata moto huficha ugonjwa wake. Kisha alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi imekufa na maji yameingia ndani.

Mwisho alimvuta mnunuzi pembeni, mbali na muuzaji, mbali hata na mkewe, akampa jibu kwa sauti ya chini. "Mtu akija hapa, ameshaanza kujiona ndani ya hiyo gari," aliniambia. "Usimvue nguo mbele ya watu."

Baadaye nilihamishiwa Magadi kutunza magari mawili ya idara. Joto la huko sitaki hata kulisimulia. Huko ndiko nilikojifunza jinsi vumbi la magadi linavyokula chuma kutoka chini, polepole, huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Nilichoka. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwemo, na kusema kweli sikulia. Nikafungua gereji yangu ya mabati Kitengela.

Miaka michache baadaye Mzee Mutiso alistaafu. Asubuhi moja aliingia gerejini na mkewe, Mama Mwende, na broka aliyekuwa akiendesha gari jeusi la Kijerumani lenye viti vya ngozi. Lilikuwa limechoka: shokomzoba zimelala, na gia zinagoma kuingia. Lakini lilikuwa zuri. Nililitamani hata mimi.

"Kyalo, hizo za gia na shoki najua," Mzee alisema. "Tutatengeneza pole pole, mimi na wewe. Miaka thelathini nimelala chini ya gari za wakubwa. Saa hii nataka kukaa ndani ya moja."

Mama Mwende alikuwa akimtazama yeye, si gari. Nilijua nyumba yao ilikuwa imefika lenta ikasimama hapo, na kwamba kiinua mgongo cha Mzee kilikuwa kimoja tu. Kikienda kwa gari, nyumba ingebaki bila paa.

Boneti ilikuwa na joto. Mzee hakuigusa. Aliketi nyuma, akafunga mlango, akapitisha mkono kwenye kile kiti cha ngozi taratibu. Ningepaswa kumwona hapo. Lakini lilikuwa gari la nne kukagua tangu alfajiri, kichwa kilikuwa kinaniuma, na broka alikuwa hanyamazi. "Hii ni ya mdosi mmoja wa Nairobi, mzee. Hata vumbi haijui!"

Nikafungua mlango wa mbele, nikainua zulia. Chini yake palikuwa na ukoko mweupe ambao ningeutambua hata nikiwa nimefumba macho.

"Nairobi gani? Hii imekaa Magadi!" nikafoka. Nikachukua bisibisi, nikaikandamiza sakafuni. Ikapenya mpaka mpini. Ndani hakukuwa na chuma, ni puti na rangi tu. Mafundi wa gereji jirani waliokuwa wamesogea kutazama wakaangua kicheko. "Mzee angekanyaga breki na lami pamoja!" mmoja akasema.

Mzee Mutiso alikuwa bado ameketi nyuma. Akashuka, akafunga mlango polepole kana kwamba ni gari zima. "Umeona vizuri," akaniambia. Akamshika Mama Mwende mkono, wakaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Hakurudi tena gerejini kwangu. Nilijiambia kwamba nilimwokoa, na ni kweli nilimwokoa. Tangu siku hiyo nimekagua magari mengi, na kila jibu nimelitoa pembeni. Sasa nami nimestaafu, magoti hayakubali kuinama, na vijana wana mashine zinazosoma makosa ya gari kwenye kioo. Sina ugomvi nazo. Wawe tu na subira na mwenye kulitaka gari.

Mzee alipofariki nilikwenda Kajiado kutoa pole. Nilimkuta Mama Mwende sebuleni, chini ya paa zuri la mabati mekundu. Nikamwambia nyumba imependeza.

"Ulitusaidia, Kyalo," akasema. "Nyumba tulimaliza. Lakini tangu siku hiyo, Mzee hakuwahi kuniambia tena kitu anataka."