Niliomba faili la polisi linaloonyesha mimi ni raia, wakaniambia niwe raia kwanza

Wakuu, shikamooni wakubwa, mambo kwa wengine. Wa Kigoma wenzangu, mwakeye.

Naandika hasira ikiwa bado haijaisha, kwa hiyo mkiona nimepandisha sauti mnivumilie. Hakuna chumvi humu. Ningekuwa natunga ningejipendelea mwenyewe kidogo. Ofisi sizitaji kwa sababu bado naishi hapahapa na kesho nitazihitaji tena.

Mimi ni KE, nesi, napanga Buzebazeba, hapa Kigoma mjini, lakini kwetu ni Mwamgongo. Kwa msiopajua, ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Gombe. Unakwenda kwa boti, na milima ya nyuma ya kijiji ukiifuata unakaribia Burundi. Majina yetu na ya wenzetu wa huko yanafanana. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Shida zetu zote zinaanzia hapo.

Nilipata ajira serikalini. Waliosota mtaani wanaelewa hiyo sentensi ina uzito gani.

Sharti moja: uripoti ukiwa na kitambulisho cha taifa. Usipokuwa nacho, nafasi anapewa mwingine.

Nikaenda kwenye ofisi husika na Zuhura, mtoto wa jirani yetu kule kijijini, naye alikuwa anasumbuliwa kwa sababu ya jina la ukoo wao. Dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Jina la baba yako lipo kwenye orodha ya zamani ya wakimbizi. Leta uthibitisho kwamba ni Mtanzania."

Nikatoa cheti changu cha kuzaliwa, hapana. Kadi ya Baba ya kupigia kura, hapana, hiyo siyo uthibitisho wa uraia. Zuhura naye akaambiwa hivyohivyo, alete karatasi yoyote ya serikali inayosema baba yake ni Mtanzania.

Mama alishatangulia mbele za haki, na mimi ndiye mtoto pekee. Nikampigia Baba. Nikamweleza wanachotaka.

"Nenda polisi pale mjini," akasema. "Wao wanajua mimi ni Mtanzania. Waliandika."

"Waliandika kwa sababu gani, Baba?"

"Waliandika tu. Simu inaisha chaji."

Wakuu, Baba anatumia kitochi. Chaji ya kitochi inaisha lini?

Nikaenda kituoni. Afande wa kaunta hakuwa mtu mbaya, tatizo alikuwa mchangamfu kupita kiasi. "Faili la miaka ile ya wakimbizi? Dada yangu, hapa tunatafuta la juzi hatulioni." Akacheka peke yake.

Nyumbani napanga nyumba moja na Mwalimu Tumaini, Mnyakyusa, amehamishiwa Kigoma kikazi na bado analalamikia joto. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Kumbe kuna sheria inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi za umma, polisi wakiwemo, na ofisi inatakiwa ijibu kwa maandishi. Tukaandika ombi zuri, limenyooka. Nikalipeleka, likagongwa muhuri. Nikatembea kurudi nyumbani najiona wakili kabisa.

Nikasubiri. Nikafuatilia. Anayehusika yuko kikao. Anayehusika yuko safari. Anayehusika amehamishwa, aliyekuja bado hajakabidhiwa ofisi.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: haki hiyo ni ya raia, hivyo mwombaji aambatishe kopi ya kitambulisho cha taifa.

Nililisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikalisoma tena.

Nikarudi kwa afande. "Afande, naomba faili ili nipate kitambulisho."

"Nimekuelewa kabisa, dada. Leta kitambulisho tukupe faili."

Na alikuwa ananihurumia kweli! Angenifokea ningepata pa kumalizia hasira. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiangalia.

Tumaini akasema basi ataomba yeye. Ana kitambulisho, ni raia asiye na maswali. Hebu fikirieni, mtu wa Mbeya asiye na shangazi wala mjomba Kigoma nzima anaruhusiwa kuulizia habari za baba yangu, na mimi niliyezaliwa naye siruhusiwi.

Lake likajibiwa: taarifa zipo, ila zinamhusu mtu binafsi. Alete ridhaa ya mhusika, imesainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji.

Mimi nilishika neno moja tu. ZIPO. Asubuhi nikapanda boti.

Nilimkuta Baba anaanika dagaa. Nikamwamkia, nikampa karatasi ya ridhaa na kalamu. Akaisoma taratibu, akaikunja, akanirudishia.

"Tafuta njia nyingine, mwana wanje."

Hapo nilimkosea adabu baba yangu. Nilipaza sauti pale mchangani mbele ya watu. Nikamwambia ajira inaondoka, nimesoma kwa dagaa zake hizohizo, na sasa saini yake tu ndiyo inanizuia. Akamaliza kuanika dagaa zake. Kisha akaniambia tuingie ndani, akanisimulia.

Mwaka ule mihogo ilikuwa imeharibika yote kwa ugonjwa, na mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama. Maboti yalikuwa yanashusha wakimbizi kutoka Burundi kila siku, wanapelekwa mjini kuandikishwa, halafu wanapewa mahindi, maharage na mafuta. Baba akapanda nao. Akaandikishwa. Kiha chake kilitosha, hakuna aliyemshtukia.

"Wakauliza natoka mlima gani. Kule kwao mtu anajulikana kwa mlima wake. Mimi ya Burundi siijui. Nikataja huu hapa, wa nyuma ya nyumba yetu."

Karani alikuwa mgeni, akauandika. Mgao wa kwanza Baba akauleta nyumbani, tukala. Alipokwenda kuchukua wa pili, alikuwepo polisi mmoja mwenyeji wa hukuhuku. Akasoma kadi yake ya mgao, akaona ule mlima, akacheka sana. Alipomaliza kucheka akatoa pingu. Baba akalala mahabusu mpaka balozi wa nyumba kumi alipokwenda kuthibitisha kwamba huyu ni Muha wa Mwamgongo, hana Burundi yoyote.

"Nilikuona unalia njaa," akasema.

Leo Baba ndiye anayetunza sadaka za msikiti wa kijijini. Sasa nilielewa ile chaji ya simu.

Alivaa kanzu, tukaenda kwa mtendaji. Mtendaji akaisoma ile ridhaa kwa sauti kubwa, neno "polisi" akalirudia, na dirisha liko wazi, watu wanapita. Nilitamani kumziba mdomo kwa mkono wangu. Baba akasaini.

Tumaini akaipeleka ridhaa polisi, kopi tukapewa. Mwandiko wa mkono, wino umefifia, ila unasomeka: Mtanzania, Muha, mkazi wa Mwamgongo, amejifanya mkimbizi ili apate chakula. Balozi wake amemtambua.

Nikapeleka dirishani. Dada akasoma mpaka mwisho.

"Hii inatosha kabisa," akasema. Kisha akanitazama. "Ila mzee wako alikuwa mwizi."

Nikamwambia asante. Namba yangu ya kitambulisho ilikuwa bado haijatoka.

Ilitoka. Niliripoti kazini siku ya mwisho kabisa. Jioni nikampigia Baba, safari hii chaji ilikuwepo.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema wewe ni Mtanzania, Baba."

"Ego, ndiyo. Hata siku ile walisema hivyohivyo, wakati wananifunga pingu."

Nilichojifunza, kwa atakayepitia njia hii: sheria ipo na inafanya kazi, omba kwa maandishi, dai muhuri, usikubali majibu ya kaunta. Kama huna kitambulisho tafuta mwenye nacho akuombee. Na kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaa na mzazi wako akusimulie miaka ile, usimlazimishe mbele ya watu kama nilivyofanya mimi.

Wanasheria mliomo humu, karibuni mniambie hiki kifungu cha uraia mnakionaje. Na waliokwama kama mimi, semeni mlipitia wapi.

Lakini swali langu hasa ni la Zuhura, kwa sababu mpaka naandika hapa bado yuko nje ya lile dirisha. Baba yake naye mwaka ule hakuwa na mihogo. Yeye hakujiandikisha popote, alikaa nyumbani na njaa yake mpaka mvua ziliporudi. Hakuwahi kukamatwa, kwa hiyo hakuna polisi aliyewahi kuandika kwamba ni Mtanzania.

Yeye apeleke nini?